Epoksi imegoma: kusoma sakafu ya banda la gari kwenye baridi ya Mbeya

Mtu akinipigia simu kuniambia epoksi yake, ile rangi ngumu ya sakafu inayochanganywa kutoka makopo mawili, imegoma, siulizi kwanza aliinunua wapi. Nauliza aliipaka mwezi gani na saa ngapi. Akinijibu, "Julai, jioni, nilipotoka kazini," nusu ya ugonjwa nimeshaujua kabla sijaingia bandani kwake.

Nasema banda, maana gereji kwetu ni kwa mafundi wa magari. Hapa nazungumzia lile banda la nyumbani: zege, kuta za tofali, bati juu, mara nyingi bila dari, na mwenye nyumba aliyeamua kupaka mwenyewe Jumamosi moja.

Muda ulioandikwa kwenye kopo, "kanyaga baada ya saa 24, gari baada ya siku 7", kwa kawaida umepimwa kwenye nyuzi 25 au karibu na hapo. Dar es Salaam hiyo ni hewa ya usiku. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Juni na Julai alfajiri kipimajoto kinashuka chini ya nyuzi 10, na kule Kitulo na Makete majani yanaamka na sakitu. Epoksi nyingi za sakafu zikiwa chini ya nyuzi 10 zinakaribia kusimama kukomaa. Kanuni ya mkato ni kwamba joto likipungua nyuzi 10, muda wa kukomaa unakuwa mara mbili au zaidi. Kwa hiyo kabla hujamlaumu muuzaji, isome sakafu yenyewe.

Siku ya tatu na bado inanata

Chutama, bonyeza kwa ukucha sehemu kumi tofauti, siyo moja. Unachotaka kujua ni kama inanata kote au kwa mabaka.

Ikinata kwa mabaka, huku pagumu kama kigae na pale panashika kidole, tatizo ni kukoroga. Epoksi ni makopo mawili, kopo A na kopo B lenye hadina, yaani kigumishi, na hayo mawili yasipokutana vizuri hakuna kinachotokea. Rangi ya kawaida hukauka kwa kupoteza maji au tina. Hii haikauki kwa namna hiyo. Inageuka, kopo A linashikana na kopo B na kuwa kitu cha tatu. Kilichobaki ukutani mwa ndoo bila kukorogwa ni kopo A tupu, nalo litanata hadi mwaka kesho. Mara nyingi mabaka hayo utayakuta pale mtu alipogeuza ndoo kichwa chini na kukwangua ya mwisho mwisho ili asipoteze. Ubahili wa kijiko kimoja unakula mita nzima ya mraba. Dawa ni kukoroga dakika tatu kwa drili ya mwendo wa polepole, ukikwangua kuta na kitako cha ndoo kwa kijiti bapa, kisha kuhamishia yote kwenye ndoo ya pili safi na kukoroga tena.

Ikinata kote sawasawa, kuna mambo mawili: vipimo au baridi. Vipimo huharibika mtu anapofungua kopo, akatumia nusu na kupima kwa macho, au anapotumia mizani wakati kopo linasema vipimo ni vya ujazo. Mbili kwa moja ya ujazo si mbili kwa moja ya kilo, kwa sababu vimiminika hivi havina uzito sawa. Wapo pia wanaoongeza hadina "ili ishike haraka", kama walivyoona kwa wapaka rangi wa magari. Ukizidisha hadina kwenye epoksi, ile iliyozidi haina wa kushikana naye, na sakafu inabaki laini.

Namna ya kutofautisha ni hii. Funga mlango, acha jua la mchana lipashe banda siku mbili tatu, kisha bonyeza tena. Iliyochelewa kwa baridi itasogea kidogo kila siku. Iliyokosewa vipimo haitasogea hata ukiipa mwezi. Hiyo ya pili haina huruma: ikwangue yote kwa kikwangulio cha chuma, futa mabaki kwa tina ukiwa umevaa glavu na milango iko wazi, uanze upya. Usimwagie hadina juu ukidhani itajipenyeza, na usipake koti jipya juu ya inayonata ukidhani utaifunika.

Utando mweupe, unateleza kama umepakwa mafuta ya mgando

Asubuhi unaikuta epoksi imekuwa ngumu, lakini imekosa mng'ao, na ukipitisha kiganja kinatoka na kitu kama nta. Hapa hadina haikuharibika. Imekutana na unyevu na hewa ya kaboni dioksidi kabla haijashikana na mwenzake, ikatengeneza chumvi juu ya uso. Baridi huichelewesha epoksi, na kadiri inavyochelewa ndivyo hadina inavyopata muda wa kufanya urafiki mbaya na hewa.

Hili nimejifunza kwangu, Uyole. Mwaka wa kwanza nilipaka mwishoni mwa Juni. Jirani, mtu mzima ninayemheshimu, akapita jioni akaona ninavyohangaika na baridi.

"Mwanangu, hapo weka jiko. Tena mawili. Mpaka asubuhi litakuwa limekauka hilo."

"Haya mzee, ahsante."

Nikawasha majiko mawili ya mkaa, nikafunga mlango, nikaenda kulala. Asubuhi sakafu yote ilikuwa na utando wa kijivu, mzito zaidi kuzunguka yalipokuwa majiko, unapungua kuelekea kona, kama mtu aliyechora duara kwa makusudi. Mkaa unapoungua unatoa ile ile kaboni dioksidi tunayoikimbia. Na unatoa pia kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu ambayo kila msimu wa baridi inaua watu waliolala na jiko ndani. Ningekuwa nimebaki mle kuilinda sakafu yangu, mambo yangekuwa mengine. Jiko la mkaa, jiko la mafuta ya taa, hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi nje: vyote hivyo havina kazi kwenye banda la epoksi. Kama una umeme wa uhakika, hita ya umeme inafaa. Kama huna, subiri mwezi mwingine.

Kuurekebisha si kazi kubwa. Utando huu unayeyuka kwenye maji: osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, sugua kwa brashi, suuza mara mbili, acha pakauke. Kisha piga msasa namba 80 au 100, futa vumbi, ndipo koti la pili. Usianze na msasa kabla ya kuosha, utakuwa unaitembeza nta kutoka hapa kwenda pale. Na ukiupakia juu bila kuuosha, koti la juu litabanduka kama ganda la yai la kuchemsha.

Madoa meupe ya duara, yamejipanga mstari

Hili sijalikuta kwenye maelekezo ya kopo lolote. Madoa madogo, kila moja ukubwa wa sarafu, yamepangana mistari miwili au mitatu kutoka ukuta hadi ukuta. Inua macho. Juu ya kila mstari kuna mbao ya paa.

Usiku wa anga safi bati linapoa kuliko hewa yenyewe, mvuke wa bandani unagandana chini yake, na alfajiri matone yanatiririka hadi kwenye mbao na kudondoka hapo. Epoksi iliyopakwa saa kumi na mbili zilizopita, katika baridi yetu, bado ni mbichi. Kila tone linaacha doa.

Kama banda halina dari, tandaza nailoni au turubai chini ya mbao siku moja kabla, ukilegeza upande mmoja ili maji yatiririkie ukutani na siyo katikati. Madoa yaliyokwisha kutokea yaoshe na kuyapiga msasa kama ule utando mweupe.

Viputo na vitundu vya sindano

Zege lina hewa ndani yake. Likipashwa, hewa inatanuka na kutafuta njia, na njia iliyopo ni kupitia epoksi yako. Ndiyo maana viputo vinapenda ile mita ya kwanza karibu na mlango, jua linapopiga asubuhi. Ukiona viputo huko tu na ndani pako safi, huna haja ya kutafuta sababu nyingine.

Mafundi wa pwani wanasema paka jioni, zege linapopoa, livute hewa ndani badala ya kuitoa. Ni kweli, lakini huku ushauri huo unagongana na umande. Ukianza saa kumi na moja jioni, saa mbili usiku sakafu tayari ni baridi kuliko hewa na unyevu unaanza kuikalia. Kanuni ya kazi hii ni kwamba uso wa zege uwe juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewa huanza kugeuka maji, kwa angalau nyuzi 3. Kiwango hicho unaweza kukikadiria bila kifaa cha gharama, ukiwa na kipimajoto na kipimo cha unyevu wa hewa: chukua 100, toa asilimia ya unyevu, gawa kwa 5, jibu litoe kwenye joto la hewa. Hewa nyuzi 22, unyevu asilimia 60: 40 gawa kwa 5 ni 8, kiwango cha umande ni 14, basi zege liwe 17 au zaidi. Sasa chukua jioni ya nyuzi 18 na unyevu asilimia 80. Umande uko 14, unahitaji zege la 17, na zege la banda lenye kivuli halikufika 17 tangu juzi. Kipimajoto kilaze sakafuni, kifunike kwa kitambaa, subiri nusu saa. Kile cha ukutani kinapima hewa.

Mimi nimetulia kwenye saa saba hadi saa tisa mchana. Asubuhi nafungua mlango jua liingie, saa sita nafunga au nateremsha turubai, saa saba zege limefika kilele chake na linaanza kushuka. Hadi umande wa usiku, epoksi inakuwa imepata masaa kadhaa ya maana. Na koti la kwanza napaka jembamba, nikilisukumia kwenye vinyweleo vya zege kwa ile fagio ya mpira ya kukokotea maji, kisha rola. Koti nene la kwanza juu ya zege lenye kiu ni kualika vitundu.

Vitundu vilivyokwisha kuganda: msasa, futa vumbi, jaza kwa epoksi ukiisawazisha kwa kikwangulio bapa cha chuma, halafu koti jingine.

Inabanduka

Hapa ndipo watu wanapotukana bidhaa, na hapa ndipo ushahidi ni mwingi kuliko kwingine kote. Usitupe lile ganda. Ligeuze, litazame mgongoni kwenye mwanga.

Mgongo ukiwa na unga wa kijivu au bamba jembamba la saruji, epoksi yako imefanya kazi yake. Kilichoachia ni niru. Tunaipenda niru: saruji tupu iliyopigwa mwiko wa chuma hadi ing'ae, mama akipiga deki inaonekana kama kioo. Lakini ni ngozi nyembamba iliyolala juu ya zege, haina mchanga wa kuishikilia. Epoksi inaishika niru kwa nguvu, tairi linakata kona papo hapo, niru inachomoka na kila kilicho juu yake. Kwa nyumba nyingi za huku nilizokagua, kesi ni hii.

Niru inatolewa, haibembelezwi. Grainda yenye diski ya kikombe cha almasi, pita hadi uone punje za mchanga, na kiganja kihisi kama msasa. Vaa barakoa ya vumbi ya maana, siyo kitambaa, maana vumbi la zege lina silika, madini ya mchanga, na mapafu hayalisahau. Jaribio la kujua kama umefika: dondosha maji. Yakikaa juu kama kwenye jani la mgomba, endelea. Yakinywewa na kuacha doa jeusi ndani ya dakika moja, umefika.

Kuna wanaokimbilia asidi ya betri kwa sababu inapatikana kila duka la vipuri pale Mwanjelwa. Acha. Ile ni asidi ya salfa, na ikikutana na zege inatengeneza jasi, unga mweupe usioyeyuka vizuri kwenye maji, unaobaki juu ya sakafu. Utakuwa umetoa niru ukaweka ngozi nyingine dhaifu kuliko ile.

Mgongo ukiwa safi, laini, unang'aa kama kioo, epoksi haikushika chochote. Zege lilikuwa limefungwa vinyweleo, au lilikuwa na mafuta. Tazama kama mabanduko yamekusanyika pale injini inapokaa. Oili chafu inaingia ndani ya zege. Kuisugua kwa petroli kunaiyeyusha na kuisukuma chini zaidi, na umejaza banda mvuke unaosubiri cheche ya grainda. Tumia sabuni ya unga, maji ya moto na brashi ngumu, mara tatu nne, kila mara ukikokota maji machafu nje yasikaukie hapo. Doa la miaka kumi likikataa, lichonge hadi zege safi na uzibe upya.

Mgongo ukiwa na unyevu, au chini yake zege ni jeusi, au pana chumvichumvi nyeupe, au kabla ya kubanduka kulikuwa na malengelenge yenye maji ndani, basi maji yanatoka chini. Nyumba zilizochongewa mteremkoni, kama zile za chini ya Mlima Loleza, zina ugonjwa huu: ukuta wa nyuma umekumbatia udongo, mvua za Machi zinashuka kilimani, na zege lilimwagwa bila nailoni chini yake. Tukuyu ndiyo usiseme.

Pima kabla ya kununua chochote. Kata nailoni ya mraba wa sentimita 45, ibandike kwa selotepu pande zote nne bila upenyo, iache kuanzia jioni hadi jioni ya kesho. Chini yake pakitoka jasho au zege likibadilika rangi, usipake. Rudia sehemu tatu, mojawapo karibu na ukuta wa nyuma. Na lipime wakati wa masika pia. Zege linaloonekana kavu Oktoba linaweza kuwa limelowa Machi. Epoksi ya kawaida haizuii maji yanayosukuma kutoka chini, yenyewe ndiyo inayosukumwa. Chimba mtaro nyuma ya ukuta kwanza, uone msimu mmoja unapita.

Zege jipya nalo lina maji yake. Siku 28 ndiyo kiwango cha chini, na kwenye baridi ongeza.

Alama za matairi

Umetoka Makambako bila kusimama, matairi ya moto, unaegesha. Kesho yake ukitoa gari, vipande vinne vya epoksi vimeondoka na matairi. Tairi la moto linalainisha koti, linapopoa linanywea na kulivuta. Mara nyingi sababu ni gari kuingizwa mapema. Siku 7 za kopo zihesabu kama 14 kati ya Mei na Agosti. Sababu nyingine ni koti jembamba mno. Hesabu ni rahisi: epoksi isiyo na tina ndani, lita moja kwenye mita moja ya mraba ni unene wa milimita moja. Banda la mita 3 kwa 6 ni mita 18 za mraba. Ukitaka milimita 0.3 unahitaji lita 5.4, bila kuhesabu inayonywewa na zege. Aliyepaka banda hilo kwa lita 2 amepaka rangi tu.

Mengine kwa ufupi

Vishimo vya duara ambavyo epoksi inavikimbia, kama macho ya samaki: mafuta au silikoni, mara nyingi dawa ya kung'arishia matairi iliyorukia sakafuni. Osha, piga msasa, paka tena.

Ndoo imepata moto na kutoa moshi: umeichelewesha ndani ya ndoo. Ikiwa nyingi mahali pamoja inajipasha yenyewe. Ipeleke nje na uiache ipoe, usiimwage sakafuni. Siku nyingine ikikorogwa tu imwage sakafuni yote, uitandaze kutoka hapo.

Kopo A limekuwa zito kama asali ya Julai, au lina punje nyeupe: limesafiri usiku kwenye buti la basi likapigwa na baridi. Lizamishe likiwa limefungwa kwenye beseni la maji ya moto hadi lirudi kuwa angavu, liache lipoe kidogo, ndipo uchanganye.

Imegeuka njano karibu na mlango: jua. Epoksi haiwezi jua. Koti la juu la polyurethane isiyogeuka rangi ndilo linalozuia, nalo ni gharama nyingine.

Inateleza ukiingia na matope: ilihitaji mchanga mkavu wa silika unyunyiziwe kwenye koti la kwanza likiwa bichi.

Kwangu nilirudia mwishoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, vumbi la Septemba likiwa limetulia. Imeshika, isipokuwa kona ya nyuma upande wa mlima, ambako nailoni yangu ilitoka jasho mara mbili. Hiyo nimeiacha zege tupu. Ndipo ninapoweka majembe na tairi la akiba, na jirani yangu akipita huniuliza kwa nini sikumalizia.